Jioni Tuliyodhani Wamefika

Video ile aliileta fundi mwenzangu siku ya Jumatano, kabla sijafungua hata dirisha la karakana. Naiita karakana, lakini ni sebule yetu ya mbele hapa Rosettenville, Johannesburg: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na kiti kimoja cha wateja ambacho wateja hawakikalii kwa sababu kimelaliwa na vitambaa. Fundi mwenzangu ni mtu wa Lubumbashi. Tumeshona pamoja miaka mingi na sijawahi kumwona kazini bila tai. Asubuhi hiyo tai ilikuwa imekaa upande, nikajua kuna jambo.

"Mama, ona hii," akanipa simu. "Banakuya."

"Nani wanakuja?"

Akanyoosha kidole kwenye dari.

Kwenye simu mtangazaji mmoja mwenye suti ya kijivu na uso wa msibani alikuwa akisema kwamba wanasayansi wamepokea ujumbe kutoka sayari nyingine, kwamba wenye ujumbe huo wako njiani, na kwamba serikali zote za dunia zinawaomba wananchi watulie. Watafika lini? Siku chache zijazo. Niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya pili nililitazama bega la koti lake, maana lilikuwa limeungana na shingo bila mshono, na nikashangaa mtu wa televisheni anawezaje kutoka nyumbani na bega kama lile. Laiti ningeyaamini macho yangu ya kazi, habari ingeishia hapo.

Nikampelekea mume wangu jikoni. Yeye ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mzaliwa wa mji huu. Ujana wake aliumalizia Morogoro, ukimbizini, enzi zile za kupigania uhuru wa kwao, na huko ndiko alikonikuta mimi na kujifunza Kiswahili, ambacho hadi leo anakisema kama mtu anayepanda ngazi: neno, pumzi, neno. Akaitazama video hadi mwisho.

"Eish," akasema. "Uongo. Mtupu."

Akarudi kwenye uji wake.

Lakini fundi mwenzangu hakuwa mtu wa kuachia jambo kirahisi. Ni Mkristo wa kweli, tena msomaji wa Biblia, na siku ile nzima alishona zaidi kwa mdomo kuliko kwa mashine.

"Mama, shida ni hii," alisema, akiwa ameshikilia pindo la suruali ya mtu hewani. "Bale batu, bababu yao balikula lile tunda la bustani, ao hapana?"

"Nitajuaje mimi?"

"Kama habakukula, basi habana haya. Kama habana haya, habavai nguo." Akaliweka pindo mezani taratibu. "Mama, miye na weye, kazi yetu imekwisha."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Lakini kufika Alhamisi habari ilikuwa imeenea mtaa mzima, na si wote waliokuwa wakicheka. Mama mmoja wa Bukavu, mwenye saluni huko Bertrams, ambaye bintiye alikuwa anaolewa baada ya miezi miwili, alikuja mbio kuniomba gauni la harusi liishe Jumatatu. Nilipomuuliza sababu, akasema mwanawe hawezi kuolewa mbele ya watu asiowajua. Mteja mwingine, mama mnene wa hapa hapa mtaani, alikuwa ameniambia nipunguze kiuno cha sketi yake kwa vidole vitatu, kwa vile alikuwa anafunga kula mkate. Akanipigia simu. "Kiache kama kilivyo," akasema. "Wanikute nilivyo."

Nikiwa napiga pasi siku hiyo nilikumbuka jinsi ilivyokuwa wale wageni wa kwanza walipofika kwetu, karibu na Morogoro, mimi nikiwa bado msichana wa shule. Tuliambiwa kuna watu wanakuja kutoka kusini kabisa mwa Afrika na watapewa lile shamba la zamani la mkonge. Wakasemwa kila namna. Eti hawalali. Eti wanakimbia alfajiri wakiimba, bila kukimbizwa na chochote. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa, alikwenda kuwachungulia katikati ya mkonge na akarudi na taarifa kamili: "Ni watu. Wamekonda." Kesho yake akawapelekea mkungu wa ndizi. Wageni wale walituletea zahanati na ngoma za kwao, na baada ya miaka kadhaa wakaondoka na mimi.

Basi sikuwa na hofu kubwa ya wageni. Hofu yangu, kusema kweli, ilikuwa ya jirani.

Upande wa kushoto wa nyumba yetu anakaa mwanamke mmoja Mreno, mtu mzima kunishinda. Nilikuwa sijasalimiana naye kwa miaka tisa, na sababu ni jogoo. Tulimnunua mapema kwa ajili ya Krismasi, tukamfunga uani. Alikuwa jogoo wa ajabu: aliwika saa nne asubuhi, aliwika saa sita mchana, aliwika wakati wote isipokuwa alfajiri. Wiki ya pili akaja ofisa wa manispaa na barua ya malalamiko mkononi, kijana mpole, akamtazama jogoo kwa huruma, akatuambia sheria ni sheria. Tukamla Jumapili ile ile, na nyama yake ilikuwa ngumu kama maneno yaliyokuwa moyoni mwangu. Tangu siku hiyo mimi na jirani tuliongea kwa mifagio. Akifagia upande wake, nafagia upande wangu, kwa nguvu zaidi.

Ikafika Jumamosi.

Ilikuwa majira ya baridi, ile baridi kavu ya Johannesburg inayosafisha anga mpaka inang'aa. Mgao wa umeme ulitukuta tukiwa bado kazini, saa kumi na mbili na nusu hivi, giza ndiyo kwanza limeshuka. Mtaa wote ukazimika. Hata robot, yaani taa za kuongozea magari pale kona, ikazimika, magari yakaanza kupishana kwa adabu na matusi. Fundi mwenzangu alitoka nje kukung'uta chaki kwenye koti alilokuwa akilimalizia. Nikamsikia ananyamaza, jambo ambalo kwake ni geni. Kisha akaniita kwa sauti ndogo kabisa.

"Mama. Banakuya kweli."

Nikatoka na kibatari mkononi, mume wangu nyuma yangu.

Zilikuwa taa. Zilikuwa nyingi, zimepangwa mstari mmoja ulionyooka kama shanga kwenye uzi, zinapanda kutoka upande wa vilima vya machimbo ya zamani na kuja juu ya mapaa yetu. Hazikuwa na mlio. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba kitu kirefu namna ile kinapita juu ya watu bila kuomba njia.

Watu walitoka majumbani. Mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara, aliteremsha mlango wake wa bati kwa kishindo, halafu akaupandisha kidogo ili aone. Dereva mmoja alishuka garini pale kona akaacha mlango wazi, injini inanguruma. Gizani mtu akaanza wimbo wa kanisani kwa Kizulu, na sauti tatu nne zikampokea.

Fundi mwenzangu aliinyoosha tai. Akavaa lile koti la mteja alilokuwa amelishika, akafunga kifungo cha kati.

"Niko sawa, Mama?"

"Uko sawa."

Nikamgeukia mume wangu. "Uongo mtupu?" nikamuuliza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena, akatazama juu.

Hapo ndipo nikasikia geti la kushoto likilia. Jirani alitoka na gauni la kulalia, koti la kiume juu yake, kandambili miguuni, na kijibwa chake kwapani. Watu walikuwa wengi barabarani, angeweza kwenda kwa yeyote. Akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, unanukia vitunguu saumu.

"Sitaki wanikute peke yangu," aliniambia kwa Kiingereza. "Tafadhali."

Ningependa kuandika kwamba pale pale nilimsamehe. Ukweli ni kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa hili: sijachana nywele, na sasa viumbe wa sayari nyingine watanikuta nimeshikana mikono na mtu aliyemuua jogoo wangu. Lakini sikuuachia ule mkono. Alikuwa anatetemeka, na mimi pia, na kutetemeka wawili kuna nafuu.

Taa zilipofika juu kabisa zikaanza kupotea, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezizima kwa kidole.

"Banazima mataa," fundi akanong'ona. "Banatafuta fasi ya kutua."

Tulisubiri. Wimbo ukaisha na hakuna aliyeanzisha mwingine. Kijibwa kikapiga chafya. Baada ya robo saa hivi hakuna aliyekuwa ametua mahali popote, na miguu ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo nikasema neno ambalo mama yangu angelisema wageni wakichelewa: "Twendeni ndani tukanywe chai."

Jirani alisema ana supu kwenye jiko la gesi na hataki iungue. Mume wangu akamsindikiza, wakarudi na sufuria kubwa ya supu ya viazi na sukuma wiki, na mkate chini ya kwapa ambapo mbwa alikuwa. Njiani mume wangu alimsalimia kwa Kireno. Maneno matatu manne tu, aliyoyaokota Msumbiji alipopita akienda ukimbizini, lakini mwanamke yule aliingia jikoni kwangu akimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeshuka na zile taa.

Tukakaa wanne kuuzunguka mshumaa. Kila gari lilipopita tulinyamaza. Likishapita, tunaendelea.

"Hebu niambieni," jirani aliuliza, "watataka nini kwetu?"

"Pa kukaa," fundi akajibu, sasa kwa Kiingereza chake cha kazini. Halafu akanigeukia kwa Kiswahili, maana mambo mazito huyasema kwa Kiswahili. "Lakini kwanza batapanga mustari wa vibali kama shiye wote. Na picha mbili kila mutu. Kama bana vichwa bitatu, Mama, ni picha sita!"

Nikamtafsiria jirani. Akacheka, kicheko cha kushtukiza, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na kooni kuna kutu. Kisha akaitazama ile sufuria.

"Mimi nilizaliwa Beira, Msumbiji," akasema. "Nchi ilipobadilika, baba alitupakia garini na vitu vichache. Sufuria hii ilikuwa kwenye mapaja yangu njia nzima. Ninachojua ni kwamba watu wakifika, kuna wengine wanaondoka. Nimezeeka. Sijui safari hii nitaondoka kwenda wapi."

Mume wangu alichovya mkate kwenye supu. "Mimi nimewahi kuwa yule anayefika," akasema. "Hatukutaka kumwondoa mtu. Tulikuwa tunaogopa kuliko wenyeji. Chakula chao kilitushinda, maneno yalitushinda. Mama mmoja akatuletea ndizi." Akanitupia jicho. "Nikaoa binti yake."

"Basi wakija wapeni ndizi," jirani akasema, "lakini wafungieni mabinti ndani."

Tulicheka tena. Nadhani ni kile kicheko kilichompa nguvu, au ni lile giza, kwa sababu alisema bila kuulizwa: "Jogoo wenu alikuwa na sauti nzuri. Pale Beira tulikuwa na jogoo mjinga kama yule."

Nikaweka kijiko chini.

"Lakini ulituandikia barua," nikamwambia.

"Mimi?" Akashangaa kweli. "Aliyeandika ni mume wangu. Alikuwa mgonjwa, usingizi wake ulikuwa wa mchana tu. Nilimkataza. Nilimwambia, mnyama huyu ana wiki mbili tu za kuishi, mwache awike. Hakunisikia. Alikufa mwezi wa pili uliofuata."

Niliikumbuka siku moja ya mwezi huo. Magari yalikuwa yamejaa mtaani. Wanawake waliovaa nyeusi walikuwa wakiingia kwake na mabakuli yaliyofunikwa. Nikamwambia mume wangu, "Leo wenzetu wana sherehe," nikafunga dirisha, nikawasha cherehani.

Kwetu, hata kama mmegombana mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, jirani akifiwa unakwenda. Unakaa chini, unakuna nazi, unateka maji, ugomvi mtaurudia baadaye. Asiyekwenda msibani kwa jirani hana pa kuficha uso. Na mimi sikwenda. Nilimwambia hayo yote, Kiingereza kikinikwama kwama.

Alinisikiliza. "Niliisikia mashine yako siku hiyo," akasema. "Nilimwambia dada yangu: watu hawa hawajui kulia."

Fundi mwenzangu, ambaye ana maneno kwa kila jambo, alichukua kipande cha mkate akakigeuza geuza mkononi bila kukila.

Umeme ukarudi ghafla, tukaonana wote: gauni la kulalia, nywele zangu, kifungo cha kati. Simu nayo ikapata mtandao na kuanza kuita. Alikuwa binti yetu, anayefanya kazi Cape Town. Yeye namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na ndivyo tulivyoleana wote wawili.

"Mama, mmeziona?" akaniuliza. "Zimepita na huko? Ni setilaiti za intaneti. Zimerushwa majuzi, zinakwenda kwa mstari mpaka zitawanyike. Na ile video imetengenezwa na kompyuta, usije ukaisambaza."

Nikamshukuru, nikakata simu. Wote watatu walikuwa wananitazama. Nitasema ukweli: kwa muda mfupi nilifikiria kutowaambia.

Nilipowaambia, mume wangu alikohoa. "Nilisema."

"Hukusema. Ulifuta miwani."

Jirani alisimama, akalivuta koti lifunike gauni la kulalia, akachukua sufuria yake na mbwa wake. Alituaga kwa sauti ya mtu anayeaga kwenye kaunta ya benki. Geti likalia, likafungwa.

Wiki iliyofuata hakufungua pazia. Hakutoka hata kufagia, na mimi niligundua kwamba kufagia peke yangu hakuna ladha. Yule mama wa Bukavu alikuja kuchukua gauni la harusi ambalo nilidhani nimekesha nalo bure, akaniambia binti ameamua waoane mwezi huu huu, kwa sababu wameshazoea wazo. Mteja wa sketi hakurudi tena kwenye kufunga mkate. Fundi mwenzangu alikuja Jumatatu tai imenyooka, akakaa kimya mpaka saa tano.

"Mama, weye ulifurahi kusikia ni setilaiti?" aliuliza hatimaye.

"Nilifurahi. Wewe?"

"Miye nilisali pale njiani. Tangu nifike inchi hii sijasali sala mzuri vile."

Ijumaa nilimwambia mume wangu tunakwenda msibani. Akauliza nani amekufa. Nikamwonyesha ukuta wa kushoto.

"Ni miaka tisa," akasema.

"Ndiyo maana tuwahi."

Nilijifunga khanga mbili, moja kiunoni, moja begani. Nilibeba kilo ya sukari, unga, na majani ya chai, kama mtu anayekwenda msibani Morogoro. Mume wangu akavaa koti lake la kustaafia. Fundi mwenzangu, ambaye hakualikwa, alikuja na suti nyeusi iliyopigwa pasi mpaka inakata. Tukagonga.

Jirani alifungua, akatutazama mmoja mmoja, na ule mfuko wa sukari. "Nani amefariki?"

"Mumeo," nikamwambia. "Pole sana. Tumechelewa."

Alibaki ameshika kitasa. Nilidhani atatufungia mlango, na angekuwa na haki. Midomo yake ilicheza kidogo. Kisha akasogea pembeni tupite.

Nilikaa chini kwenye zulia, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya. Akashangaa, halafu akavuta mto akakaa chini na yeye, kwa taabu, mume wangu akimshika kiwiko. Hatukuongea sana. Alituletea picha ya mumewe: mwanaume mfupi, masharubu mazito, ameshika samaki kwa fahari ya baba aliyeshika mtoto. Akatueleza alivyougua, na siku ya mwisho alivyoomba kahawa ambayo hakuinywa. Alilia kidogo. Safari hii ni mimi niliyemshika mkono.

Baadaye alitaka kutuonyesha chumba. Ndani ya kabati suti za marehemu zilikuwa zinaning'inia zote, zimefunikwa kwa mifuko, hajagusa hata moja. Fundi mwenzangu akaomba ruhusa kwa macho, akafunua moja, akapitisha kidole gumba kwenye kola, akageuza bitana, na nikaona uso wake ukibadilika kama wa daktari.

"Nani alishona hii?" akauliza kwa ukali.

"Fundi mmoja wa Beira," jirani akajibu.

"Alikuwa fundi." Akaishika kwa mikono miwili. "Mama, hii haiwezi kukaa kabatini. Ni zambi."

Jirani akamtazama mume wangu kuanzia viatu hadi kichwani. Mume wangu akaanza kukataa kwa Kiswahili, neno, pumzi, neno, lakini wao wawili walikuwa wameshamvisha. Mikono ya koti ilimwishia karibu na kiwiko. Akasimama mbele ya kioo cha marehemu kama mtoto aliyekua ghafla, na yule mwanamke akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akashika mbavu, akacheka mpaka mbwa akaanza kubweka.